Kinanda cha Guka: jinsi akodiani moja ya vitufe ilivyosakwa kutoka Kangema hadi Ol Kalou

Mteja alikuja karakana kwangu na maelezo mafupi: anatafuta akodiani ya Hohner ya guka (babu) wake, ile aliyorudi nayo kutoka vita vya Burma mwaka 1945, iliyouzwa 1979 ili kulipa karo ya shule. Hakutaka inayofanana nayo. Alitaka hiyo hiyo. Mama yake anakaribia miaka themanini na amewaambia watoto wake kwamba kinanda hicho kirudi nyumbani Kangema akiwa bado na macho ya kukiona.

Kazi ya namna hii kwa kawaida naikataa. Akodiani ndogo za vitufe zilitoka viwandani Ujerumani kwa wingi mno, na duka lililouza moja Nairobi zaidi ya nusu karne iliyopita halikuandika popote ilikwenda kwa nani. Ukiambiwa tu "nitafutie Hohner ya babu", umeambiwa utafute mtu mmoja sokoni Gikomba siku ya Jumamosi. Nilikubali kwa sababu mkobani mwake mlikuwa na vitu viwili: picha ya studio na kaseti.

Kwa ambaye hajawahi kusimama kwenye ngoma ya mwomboko, hii ni dansi ya wawili wawili, hatua mbili kisha magoti yanakunjwa. Ilishika kasi miaka ya 1940 katika nchi ya Wakikuyu, baada ya watu kuona walzi na dansi nyingine za Wazungu na kuzigeuza zao. Ala zake ni mbili tu. Kuna karing'aring'a, chuma cha mviringo kinachogongwa kwa kipande kingine cha chuma, na kuna akodiani ndogo ya vitufe ambayo huko inaitwa kinanda. Mashabiki wa taarabu ya Unguja wasiichanganye na ile kubwa yenye vibao vya piano. Hii ni nyepesi, mpigaji anaimba huku anaipiga, na ina tabia moja iliyokuja kuamua kisa hiki chote: kitufe kimoja kinatoa noti mbili tofauti, moja ukisukuma mvukuto na nyingine ukivuta.

Sababu iko ndani. Kila kibamba kina ndimi mbili za chuma cha pua, mmoja upande huu na mmoja upande ule. Hewa ikienda huku inatikisa ulimi wa kwanza, ikirudi inatikisa wa pili, na kijingozi chembamba kinaziba ule ambao si zamu yake. Kwenye akodiani ya piano ndimi hizo mbili zina noti ileile. Kwenye kinanda cha mwomboko hazina noti moja. Kwa hiyo ukisikiliza kwa makini unaweza kujua mpigaji alikuwa anavuta au anasukuma, hata kama hukumwona.

Picha ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, nyuma ina muhuri wa studio na mwaka 1966. Guka amesimama mbele ya pazia lililochorwa maua, koti refu, kofia, kinanda kifuani. Kabla ya kuhesabu chochote niliangalia koti. Zamani mafundi wa studio waliweza kuchapa negativu ikiwa imegeuzwa, kulia kukawa kushoto, na hapo ukaanza kutafuta ala ambayo haijawahi kuwepo. Vifungo vya koti vilikuwa upande wa kulia wa mvaaji, kama koti la mwanaume linavyoshonwa. Picha ilikuwa sawa.

Kidole gumba cha mkono wa kulia kimepita kwenye kitanzi cha ngozi. Safu za vitufe ni mbili, ya nje ina 11 na ya ndani 10, jumla 21, mpangilio wa kawaida kabisa wa masanduku, yaani akodiani, ya safu mbili ya Kijerumani. Jina la kiwanda lilikuwa limefunikwa na mkono wa koti. Nilichofurahia ni kasoro: kitufe cha tatu kutoka juu, safu ya nje, kilikuwa cheusi na kinene kidogo, ilhali vingine vyote ni vyeupe. Kiwanda hakifanyi hivyo. Hapo kuna mkono wa fundi.

Sasa kaseti. Ilirekodiwa kwenye sherehe ya ruracio (kutoa mahari) mwaka 1977, watu wanaongea, mtoto analia, sufuria zinagongana, na katikati ya yote hayo Guka anapiga kwa muda mrefu bila kupumzika. Mteja aliileta kama kumbukumbu tu. Kwangu ilikuwa na thamani kuliko picha.

Jambo la kwanza ambalo watu hufanya wakipata sauti ya zamani ni kuipeleka kwenye programu ya simu ya kupima noti, kisha wanatangaza kwamba ala ilikuwa ya ufunguo fulani. Kaseti haistahili imani hiyo. Mota ya redio ikichoka na kupunguza mwendo kwa asilimia sita hivi, wimbo mzima unashuka nusu toni. Santuri za zamani zina ugonjwa huo huo. Lakini mwendo ukibadilika, kila kitu kinabadilika pamoja: umbali kati ya noti na noti unabaki ulivyokuwa. Niliachana na ufunguo nikasikiliza uhusiano.

Kinanda hiki kilikuwa cha sauti mbili, maana yake kila noti inatolewa na ndimi mbili kwa pamoja, moja imewekwa juu kidogo ya nyingine kwa makusudi. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayozaa ule mtetemo unaoufanya mwomboko usikike kama mwomboko. Ukiondoa ulimi mmoja, noti haipotei. Inabaki imenyooka, kavu, bila mtetemo.

Na kwenye kaseti kulikuwa na noti kavu. Haikuwa kavu kila wakati, na hilo ndilo lililonifanya nirudishe mkanda tena na tena. Noti ileile, kimo kilekile, mara inatetemeka, mara imenyooka.

Maelezo yake ni haya. Kwenye sanduku la safu mbili, safu ya ndani iko juu ya safu ya nje kwa hatua nne za ngazi, ukihesabu Do, Re, Mi, Fa. Do ya safu ya ndani inapatikana mahali pawili: ukisukuma kwenye safu ya ndani, au ukivuta kwenye safu ya nje. Mpigaji mzuri anachagua kulingana na pumzi iliyobaki kwenye mvukuto na besi za mkono wa kushoto anazotaka, kwa sababu hata upande wa besi kitufe kimoja kina sauti mbili, ya kusukuma na ya kuvuta. Nilifuata besi. Kila mara besi zilipoonyesha kwamba Guka anasukuma, Do ilitetemeka. Kila mara zilipoonyesha anavuta, Do ilikuwa kavu. Kwa hiyo kwenye kitufe kimoja cha safu ya nje, upande wa kuvuta, ulimi mmoja kati ya mbili ulikuwa umekufa kufikia 1977.

Upande wa mkono wa kulia, kinanda cha vitufe 21 na sauti mbili kina ndimi 84. Sasa tulikuwa tunajua ulimi gani kati ya hizo 84 umekufa, na kitufe gani kati ya 21 kilibadilishwa. Tulikuwa na alama mbili ambazo hazihusiani, moja ya kuonwa na nyingine ya kusikika. Jina la Hohner halikuwa alama. Lilikuwa ni neno la familia.

Kabla mteja hajafika kwangu, mpwa wake alikuwa amesambaza ile picha kwenye makundi ya WhatsApp, na dalali mmoja alijibu upesi kwamba kinanda anacho, kiko Nyeri, atumiwe malipo ya kukihifadhi kupitia M-Pesa. Alituma picha. Ya kwanza ilikuwa akodiani ya piano. Alipoambiwa siyo, alituma ya pili, yenye safu moja ya vitufe. Ya tatu ilikuwa nzuri, safu mbili, vitufe vyote vyeupe, iko juu ya meza ya mbao kando ya dirisha, na nje ya dirisha kuna theluji. Nyeri ina baridi, sikatai, lakini si ya namna hiyo. Nilimshauri mteja amtake dalali arekodi sauti ya kitufe cha tatu cha safu ya nje akisukuma kisha akivuta. Dalali alinyamaza tangu siku hiyo. Ombi hilo nalipendekeza kwa yeyote anayenunua ala kwa mbali. Halimtukani muuzaji mwaminifu, na mwongo hana la kujibu.

Wauzaji wa ala hawakuwa na msaada, na sikutarajia wawe nao. Kinanda cha mwomboko hakipiti madukani, kinatoka mkono hadi mkono kati ya wapigaji, mara nyingi kwa deni. Wanaofuatilia safari zake ni wagongaji wa karing'aring'a. Mpigaji kinanda anakumbuka nyimbo zake mwenyewe. Mgongaji amekaa ubavuni mwake usiku kucha, anajua kinanda kipi kinavuja, kipi kizito kuvuta, na cha nani kiliuzwa kwa nani baada ya ugomvi gani.

Mama yake mteja alikumbuka tu kwamba mnunuzi wa 1979 alikuwa "mtu wa Othaya mwenye pikipiki". Mwenye pikipiki amekwisha kufa. Mgongaji wake yuko hai, mzee mchangamfu ambaye hakutaka kuambiwa habari za Hohner wala za picha. Alichouliza ni, "Ni kile cha kitufe cha pembe?" Akaeleza kwamba kitufe hicho kilichongwa kutoka pembe ya ng'ombe na fundi wa saa, zamani sana, kabla kinanda hakijafika Othaya. Akaongeza bila kuulizwa kwamba mwenye pikipiki alikiuza miaka ya themanini kwa mkulima wa Molo.

Molo ilitutia wasiwasi. Mapema 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, familia nyingi za sehemu hizo zilihama makwao usiku na vitu vingi viliteketea. Mtoto wa yule mkulima alipatikana kupitia watu wa kanisa lao, na jibu lake lilikuwa la kushangaza: baba alipokimbia alibeba blanketi, sufuria na kinanda. Sasa anaishi viungani mwa Ol Kalou, Nyandarua, na bado anapiga.

Tulikwenda mimi, mteja na kaka yake. Mzee alitupokea vizuri, chai ikaja kwanza, habari za mvua zikafuata, na kinanda hakikutajwa hadi vikombe viliporudi jikoni. Mteja alimwita "Guka" tangu mlangoni, kama inavyofaa kwa mtu wa umri ule, na nadhani hilo lilisaidia kuliko hoja zangu zote. Kisha kinanda kikateremshwa kutoka juu ya dari, kimefungwa kwenye gunia.

Kilikuwa chekundu, seluloidi yenye mawimbi kama ndani ya ganda la chaza, pembe za mvukuto zimepigwa viraka vya turubai. Kitufe cha tatu, safu ya nje, cheusi, cha pembe. Mteja alishika mdomo. Halafu akaona maandishi ya mbele, na furaha ikamtoka. Hayakuwa Hohner. Yalikuwa Weltmeister, na chini nyuma kulikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza yanayosema kimetengenezwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani.

"Si hiki," akasema. "Guka wetu alikuwa na Hohner."

Nilimwelewa. Hohner ni kampuni ya Trossingen, kusini magharibi mwa Ujerumani, iliyoanza na vinanda vya mdomo mwaka 1857 na kuingia kwenye akodiani mwaka 1903. Weltmeister hii ilitoka Klingenthal, Saksonia, mji ambao baada ya vita uliangukia upande wa Warusi. Zaidi ya hapo, nchi iliyotajwa nyuma ya sanduku ilianzishwa Oktoba 1949. Kitu chenye maandishi hayo hakiwezi kuwa kilitoka Burma 1945, hata mtu aape vipi.

Niliomba ruhusa ya kukisikia kabla hatujaondoka. Nilipata Do kwenye safu ya ndani nikasukuma: ilitetemeka vizuri, ingawa mtetemo wenyewe ulikuwa umelegea kwa uzee. Nikaenda safu ya nje nikavuta. Kavu. Nikarudia pole pole ili mteja asikie, kisha kaka yake akawasha simu yenye ule mkanda wa 1977, pale ambapo Guka anashuka kutoka Do hadi La. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Hata hivyo sikio linaweza kudanganywa na hamu, na ulimi kukatika si ajabu. Noti zinazopigwa sana ndizo zinazochoka kwanza, na Do inapigwa sana. Nilitaka kuona ndani. Mzee alikubali kwa sharti kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayeshika tochi. Niling'oa pini ndogo zinazoshikilia mvukuto, nikaufungua, na tukaangalia safu za vibamba vilivyogandishwa kwa nta kwenye vijiti vya mbao. Mahali palipotakiwa ulimi huo, palikuwa wazi hadi kwenye ribiti. Ulimi ulikatika karibu na shina lake. Fundi, ili hewa isivuje kwenye mwanya uliobaki, alikuwa ameuziba kwa kipande cha karatasi ya daftari, mistari ya buluu bado inaonekana, na kukipaka nta juu. Nta ile ilikuwa nyeusi kwa vumbi la miaka mingi, si ya jana wala juzi. Mzee wa Ol Kalou alisema hajawahi kukifungua hata siku moja. "Mimi nilidhani ndivyo kilivyozaliwa," akasema.

Kwangu suala liliishia hapo. Kwa mteja bado, kwa sababu Burma ilikuwa haijapata jibu.

Alimpigia mama yake simu tukiwa pale pale uani. Nilimwomba aulize swali moja ambalo, kwa kadiri nilivyoona, hakuna aliyewahi kuliuliza katika familia ile: kinanda cha Burma kilikuwa rangi gani? Picha ni nyeusi na nyeupe, kaseti haina rangi, na kila mtu alikuwa amejaza mwenyewe. Mama alijibu papo hapo. Cha Burma kilikuwa cheusi, cha mbao, kidogo. Kilichukuliwa na ngati, walinzi wa vijiji waliokuwa upande wa wakoloni, walipopekua nyumba wakati wa hali ya hatari, enzi za Mau Mau, yeye akiwa mtoto wa kufuata ng'ombe. Kile chekundu kilinunuliwa baada ya Uhuru.

"Basi vilikuwa viwili, Mama?"

"Mliuliza lini?"

Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 20, 1952, na wakati huo ngoma za usiku hazikuwa jambo la kufanya wazi. Miaka kumi na zaidi ilipita kati ya kinanda cha kwanza na cha pili. Watoto waliozaliwa baadaye walikuta chekundu nyumbani, wakasikia habari za cheusi, na habari ya kimoja ikapanda juu ya kingine pamoja na jina la Hohner. Katika kazi hii nakutana na jambo hilo mara nyingi kiasi kwamba nikisikia historia iliyonyooka sana ya ala moja, huwa nauliza kwanza kama hazikuwa mbili. Kilichouzwa 1979, kilichopigwa kwenye ruracio ya 1977 na kilicho kwenye picha ya 1966 ni kimoja, nacho kilikuwa kimekaa mbele yetu kwenye kigoda.

Kukipata ni kitu kimoja, kukichukua ni kingine. Kaka yake mteja alikuja na pesa, na alikosea njia kidogo kwa kuzitaja mapema. Mzee hakukasirika, ila alisema: "Pesa nitakula ziishe. Jumamosi nitapiga nini?" Lilikuwa swali la haki kabisa. Kwake yeye hicho hakikuwa kumbukumbu ya mtu, kilikuwa kifaa cha kazi, na alikiokoa wakati wengine waliokoa magodoro. Makubaliano yaliyofikiwa yalikuwa rahisi kusema: apewe kinanda kingine kilicho kizima, cha safu mbili, akishapiga na kuridhika, chekundu kirudi Kangema.

Karakana nilikuwa na kimoja cha funguo za C na F, kizima, tayari. Kwa nadharia kinatosha. Mpangilio wa vidole kwenye masanduku ya safu mbili zilizopishana kwa hatua nne ni uleule, ufunguo uwe wowote, kwa hiyo mpigaji hahitaji kujifunza upya. Mzee alikichukua akapiga bila kusita. Kisha akaanza kuimba, akasimama katikati ya ubeti. Kinanda chekundu ni cha G na C. Kile changu kilikuwa juu yake kwa hatua nne nzima, na mpigaji wa mwomboko ndiye mwimbaji.

"Vidole vimekubali," akasema. "Koo limekataa."

Ndipo tukalazimika kutafuta G na C nje ya nchi. Soko la akodiani hizi limegawanyika kwa mila za wachezaji. Uingereza wanapenda D na G kwa dansi zao za vijijini, Waairishi wanataka safu zilizopishana kwa nusu toni tu, kama B na C, ambazo kwa mwomboko hazifai hata kidogo kwa sababu vidole vyote vinapotea. G na C ni chaguo la wapiga muziki wa asili wa Ufaransa, kwa hiyo mtu anayetafuta funguo hizo aangalie huko na kwa majirani zao. Tuliipata Ujerumani, Hohner ya miaka ya baada ya vita, kwa mtu aliyeirithi na asiyejua kuipiga. Nilimwomba arekodi kila kitufe, kusukuma na kuvuta, mmoja mmoja, na apige picha ya vibamba kwa ndani ili nione kutu. Alifanya vyote kwa uvumilivu. Bei ya sanduku lenyewe haikuwa kubwa. Usafiri na ushuru ndivyo vilivyouma, na anayefanya hesabu ya kuagiza aanze na hivyo viwili.

Mzee alikipiga mbele yetu, akalalamika kwamba besi ni ngumu, akaendelea kupiga, akalalamika tena, na hakukirudisha. Nililegeza springi za besi siku hiyohiyo.

Kinanda chekundu kilikuwa kimeteswa na baridi ya Nyandarua na moshi wa jikoni kwa pamoja. Vijingozi vilikuwa vimejikunja, na kijingozi kilichojikunja kinachelewesha noti na kula hewa. Nilivibadilisha vyote. Nta ilikuwa imepasuka, vibamba vinacheza, kwa hiyo nilivigandisha upya kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na ulimbo kidogo ili iwe ngumu bila kuwa kavu. Kutu kwenye ndimi niliondoa kwa mkono mwepesi. Kuhusu sauti nilijizuia. Ulimi unapandishwa kwa kukwaruzwa karibu na ncha na kushushwa kwa kukwaruzwa karibu na shina, na kila ukikwaruza umeondoa chuma ambacho hakirudi. Nilirekebisha zile tu zilizokuwa zimekwenda upande kabisa. Mtetemo wake uliolegea nimeuacha ulivyo.

Kulikuwa na mabishano juu ya ile karatasi ya daftari. Kaka yake mteja, ambaye sasa anajifunza kupiga, alitaka ulimi mpya ili Do itetemeke pande zote mbili, na kama kingekuwa kinanda cha kazi ningemuunga mkono bila kufikiri. Ulimi wa chuma kingine hautafanana na jirani zake hadi fundi akwaruze na hao jirani pia, na nisingependa kuanza safari hiyo kwenye ala iliyokaa na hali hiyo tangu kabla ya 1977. Mama alimaliza mjadala kwa kusema kwamba hivyo ndivyo anavyoikumbuka nyimbo ya baba yake. Karatasi imebaki. Nta juu yake nimeweka mpya, maana ya zamani ilikuwa inabanduka.

Sasa familia imeniletea kazi ya pili: kile cheusi cha Burma. Nimewaambia sikichukui kwa sasa. Hakina picha, hakina sauti iliyorekodiwa, hakuna fundi anayejulikana kukifungua, na "cheusi, cha mbao, kidogo" ni maelezo ya nusu ya akodiani zote za enzi hiyo. Wakipata mtu aliyekiona baada ya kuchukuliwa, tutaanzia kwake. Mama anasema kuna binamu yake Mukurwe-ini ambaye baba yake alikuwa ngati. Kumuuliza huyo, nimewaachia wenyewe.